Je, nambari 2,147,483,647 ni tasa kweli?

Mwezi uliopita nilialikwa kuzungumza na walimu wa shule za sekondari kuhusu jambo ninalolihubiri tangu nikiwa mhadhiri kijana: kwamba Kiswahili kina uwezo wa kubeba taaluma yoyote, hisabati na sayansi zikiwemo. Nilizungumza saa nzima. Nikapigiwa makofi. Wakati wa maswali ulipofika, mwalimu mmoja wa hisabati, mama wa makamo aliyekuwa ameketi nyuma kabisa, aliinuka, akaja mbele, akachukua chaki na kuandika ubaoni: 2,147,483,647.

"Profesa," akasema, "hatukatai uliyoyasema. Lakini hebu tusomee hii kwa Kiswahili."

Nilianza vizuri. "Bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu..."

Akaninyoshea kiganja. "Hapo hapo, Profesa. Hiyo ni 483,000 au ni 400,083?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nami, pamoja na shahada yangu ya uzamifu, nikajikuta naimalizia kwa Kiingereza. Kabla sijapata pa kujificha akaongeza la pili: "Na hii ni nambari tasa. Kwa nini mkaiita tasa? Neno hilo mimi haliniketii mdomoni mbele ya wanafunzi." Nilimwahidi kwamba ningeyajibu maswali yote mawili katika safu hii. Ahadi ni deni, na leo nimekuja kulipa.

Tuanze na kuisoma. Kosa si la Kiswahili, ni letu sisi tulioacha kutumia neno tulilo nalo. Elfu ikitangulia mamia humwacha msikilizaji njia panda. Ukiishia kwenye "elfu mia nne themanini na tatu", hajui kama ni elfu 483 au ni elfu 400 na 83 juu yake. Wako wanaogeuza na kusema "mia nne themanini na tatu elfu", lakini nayo yaweza kusikika kama mia nne, kisha elfu themanini na tatu. Dawa ni neno laki, yaani elfu mia moja, neno tulilolipata katika biashara ya Bahari ya Hindi na ambalo wazee wa pwani hawakuliacha. Kwa laki, utata huyeyuka: 483,000 ni laki nne na elfu themanini na tatu, ilhali 400,083 ni laki nne na themanini na tatu. Basi nambari ya mwalimu isomwe hivi: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne, elfu themanini na tatu, mia sita arobaini na saba.

Nusu ya deni imelipwa. Nusu ya pili ni ndefu kidogo, kwa sababu hatuwezi kuamua kama jina linafaa kabla ya kumjua mwenye jina.

Mimi nilizijua nambari tasa kabla sijajua kwamba zina jina. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa akitufunza kuhesabu kwa punje za mahindi jioni tukisubiri chakula kiive. Hutupa punje kumi na mbili na kutuagiza tuzipange katika safu zilizo sawa. Safu mbili za sita, sawa. Safu tatu za nne, sawa. Kisha huongeza punje moja, zikawa kumi na tatu, na kukaa kimya akitutazama tukihangaika. Safu mbili, punje moja inabaki. Safu tatu, moja inabaki. Nne, moja inabaki. Tano, zinabaki tatu. Punje kumi na tatu hazikubali kamwe, ila uzipange zote katika mstari mmoja.

Hiyo ndiyo maana yote. Nambari inayoigawanya nyingine bila kubakisha kitu huitwa kigawo chake. 3 ni kigawo cha 12. Nambari tasa ni ile yenye vigawo viwili tu: 1 na yenyewe. Kwa hivyo 2, 3, 5, 7, 11 na 13 ni tasa. 1 yenyewe si tasa, kwani ina kigawo kimoja tu. Istilahi hizi, pamoja na shufwa kwa nambari zinazogawanyika kwa mbili na witiri kwa zisizogawanyika, mtoto wa shule ya msingi Tanzania anazijua kwa sababu hisabati anaisoma kwa Kiswahili. Mtoto wetu hukariri akisami, khumusi na sudusi, kwa ajili ya mtihani wa Kiswahili; kipindi cha hisabati kikiingia, anabadilisha lugha.

Sasa turudi ubaoni. Chukulia kwamba tarehe 1 Januari, mwezi ambao Wakenya tunaujua kwa ukata wake, unatia shilingi moja kwenye kibubu. Tarehe 2 unatia shilingi mbili, tarehe 3 nne, tarehe 4 nane, kila siku maradufu ya jana. Ukikivunja kibubu jioni ya tarehe 31, utahesabu shilingi 2,147,483,647 kamili. Njia ya mkato ni hii: andika 2 mara thelathini na moja, uzizidishe zote pamoja, kisha utoe 1.

Jaribu kuzigawa fedha hizo. Watu watatu? Shilingi moja itabaki. Watu saba? Moja itabaki. Chama cha watu kumi? Saba zitabaki. Zigawe kwa kaunti zote 47 na shilingi 20 zitakosa mwenyewe. Hakuna kundi lolote litakalogawana sawasawa bila baki, isipokuwa mtu mmoja azichukue zote, au watu 2,147,483,647 waje kila mmoja achukue shilingi yake moja.

Usidhani kila mwezi uko hivyo. Februari ya siku 28 ni wiki nne kamili. Katika wiki ya kwanza kibubu kinapata shilingi 127. Katika wiki ya pili, kila siku unatia mara 128 ya siku kama hiyo ya wiki iliyotangulia, kwa hivyo kinapata 127 mara 128. Wiki ya tatu na ya nne ni vivyo hivyo. Kila wiki ina 127 ndani yake, basi jumla yote inagawanyika kwa 127. Mwezi wa siku 30 nao una mafungu sita ya siku tano. Fungu la kwanza ni shilingi 31, na jumla ya mwezi inagawanyika kwa 31. Siku zikigawanyika kwa mafungu sawa, fedha nazo hugawanyika. Ili fedha ziwe tasa, sharti idadi ya siku iwe tasa kwanza.

Hata hivyo sharti hilo halitoshi. Februari ya mwaka mrefu ina siku 29, na 29 ni tasa. Lakini kibubu chake, shilingi 536,870,911, hupatikana kwa kuzidisha 233, 1,103 na 2,089. Katika miezi yote ya kalenda yetu, ni ile ya siku 31 tu inayotoa jumla iliyo tasa.

Jambo hili liliwakanganya hata magwiji. Mwaka 1603 Mwitaliano Pietro Cataldi alitangaza kwamba 29 na 31 zote hutoa nambari tasa. Kwa 31 alipatia, kwa 29 akakosea. Mwaka 1644 mtawa wa Ufaransa, Marin Mersenne, alitoa orodha yake. 29 akaiacha nje na 31 akaiweka ndani, ila uthibitisho hakuutoa. Hadi leo nambari tasa za namna hii zinaitwa kwa jina lake. Aliyethibitisha ni Leonhard Euler, Mswisi aliyefanya kazi St Petersburg, katika barua iliyochapishwa miaka ya 1770. Wakati huo macho yake yalikuwa karibu yamepofuka kabisa.

Alifanyaje? Njia ya kawaida ni kuigawanya nambari hiyo kwa kila tasa hadi kufika 46,340. Hakuna haja ya kwenda mbele zaidi, kwa sababu 46,341 mara 46,341 inaipita nambari yetu. Ikiwa ingegawanyika katika vigawo viwili, kimoja kingekuwa chini ya hapo. Lakini tasa zilizo chini ya hapo ni zaidi ya 4,700. Kwa kalamu ya unyoya na wino, hiyo ni adhabu.

Euler hakujaribu zote. Alijua kwamba kigawo chochote kilicho tasa cha nambari hii, ukikigawanya kwa 62, yaani 31 mara 2, lazima kibakishe 1. Msomaji anaweza kuihakiki kanuni hiyo kwa ile Februari ndefu: 29 mara 2 ni 58, na 233, 1,103 na 2,089, ukizigawanya kwa 58, kila moja hubakisha 1. Akaongeza kanuni nyingine inayohusu baki la kugawanya kwa 8. Kanuni mbili zikishikana, nambari za kujaribiwa hushuka chini ya 400, na nyingi kati ya hizo si tasa, kwa hivyo zinaachwa. Zilizobaki akazipitia. Hakuna hata moja iliyoigawanya.

Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow alitoa utabiri unaohusu nambari hii, na ili tuuelewe tunahitaji istilahi moja zaidi. Nambari timilifu ni ile ambayo vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa huirudisha. Vigawo vya 6 ni 1, 2 na 3. Jumla yake ni 6. Vya 28 ni 1, 2, 4, 7 na 14. Jumla yake ni 28. Neno timilifu wanafunzi wa sarufi wanalijua: kiambishi -me- ni cha hali timilifu, tendo lililokamilika. Sasa, Euclid, Mgiriki wa kale, alionyesha kwamba kibubu kikiwa na jumla iliyo tasa, ukiizidisha kwa fedha ulizotia siku ya mwisho, utapata nambari timilifu. Kibubu cha siku mbili kina 3, siku ya mwisho ulitia 2: ni 6. Cha siku tatu kina 7, siku ya mwisho ulitia 4: ni 28. Cha Januari nzima kinatupa 2,305,843,008,139,952,128.

Barlow aliandika kwamba timilifu hiyo ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kupatikana, kwa kuwa nambari hizi ni za kustaajabiwa tu, hazina faida, na hakuna atakayejisumbua kutafuta zaidi. Alikosea mara mbili.

Kwanza, watu walijisumbua. Mwezi Oktoba 2024, Mmarekani Luke Durant alipata, kwa msaada wa kompyuta nyingi, nambari tasa ya kibubu cha siku 136,279,841. Ina tarakimu 41,024,320. Ukiandika tarakimu moja kila sekunde, mchana na usiku, bila kula wala kulala, utaandika kwa zaidi ya siku 470. Hiyo sithubutu kuisoma kwa lugha yoyote.

Pili, faida ilipatikana, na hasa kwa nambari yetu. Kompyuta zinapohitaji nambari zinazoonekana kama za kubahatisha, tuseme kuiga urushaji wa dadu au msongamano wa magari, njia moja maarufu ni hii: chukua nambari yoyote iliyo chini ya 2,147,483,647, izidishe kwa 16,807, gawanya kwa 2,147,483,647, uchukue baki. Baki hilo lifanyie vivyo hivyo, na linalofuata, na linalofuata. Utapitia nambari zote kuanzia 1 hadi 2,147,483,646, kila moja mara moja tu, bila mpangilio unaoonekana kwa macho, kabla ya kurudi ulikoanzia. Mzunguko kamili namna hiyo hauwezekani ikiwa nambari ya kugawia si tasa. Na wataalamu wa kompyuta wana jina la nambari ya kuanzia. Wanaiita mbegu.

Kuna sifa nyingine ya nambari hii isiyotokana na utasa wake, tusije tukazichanganya. Kompyuta huhesabu kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Kama vile 999 ilivyo mwisho wa nambari za tarakimu tatu, 2,147,483,647 ndiyo mwisho wa nambari zenye nafasi 31 za namna hiyo, nazo mashine nyingi zilitengewa nafasi hizo na moja zaidi ya kuonyesha chanya au hasi. Mwezi Desemba 2014 kampuni ya YouTube ilieleza kwamba ilibidi ipanue kihesabio chake kwa sababu ya wimbo Gangnam Style wa PSY wa Korea Kusini, uliokuwa umetazamwa mara nyingi kiasi cha kukaribia kikomo hicho.

Kubwa zaidi ni saa. Kompyuta nyingi huhesabu sekunde tangu mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970, ambao kwa saa za Kenya ulikuwa saa tisa usiku. Sekunde hizo zitafika 2,147,483,647 tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika kumi na nne na sekunde saba asubuhi kwa saa zetu. Sekunde itakayofuata, mitambo ambayo haitakuwa imerekebishwa itajikuta imerudi nyuma hadi Desemba 1901. Mswahili hapaswi kulishangaa hilo. Saa yetu wenyewe ikifika kumi na mbili hairuki hadi kumi na tatu, inarudi moja. Tofauti ni kwamba sisi tunajua tumerudi.

Sasa mwenye jina tumemjua. Jina je?

Yule shangazi wa punje za mahindi hakujaliwa kupata mtoto. Neno tasa nililisikia likisemwa juu yake, tena akiwa karibu, miaka mingi kabla ya kulisikia katika hisabati. Mwalimu aliposema kwamba neno hilo halimketii mdomoni, sikuhitaji kuelezwa.

Taswira iliyomo katika istilahi hii ni rahisi: 12 ina vigawo 2, 3, 4 na 6, kana kwamba ni watoto wake, 13 haina, basi ni tasa. Lakini lugha yenyewe inapinga. Jibu la kuzidisha kwa Kiswahili huitwa zao, na zao linatokana na kuzaa. 3 mara 5 zao lake ni 15. Nani mzazi hapo na nani mtoto? 3 na 5 ndizo zilizozaa. Kigawo ni mzazi. Kwa hivyo nambari ya ubaoni haikukosa watoto, ilikosa wazazi. Watoto inao bila kikomo: kila nambari inayogawanyika kwayo ni zao lake, ikiwemo ile timilifu ya Barlow. Nambari zote nyingine kuanzia 2 kwenda juu hujengwa kwa kuzidisha tasa, na kila moja ina namna moja tu ya kujengwa. 60 ni 2, 2, 3 na 5, huwezi kuipata kwa tasa nyingine. Waarabu, Wagiriki na Walatini walizitazama kutoka upande huo wakaziita za kwanza. Sisi tulizitazama tukiwa na kisu cha kugawanyia mkononi.

Je, tulibadili neno? Mimi nasema hapana. "Nambari ya kwanza" kwa Kiswahili ni 1, na 1 si tasa. "Asilia" tayari inatumika kwa nambari za 1, 2, 3 na kuendelea. Tena vizazi vya wanafunzi ng'ambo ya mpaka wamelielewa na kulitumia neno tasa, na istilahi moja yenye dosari kwa nchi mbili ni bora kuliko mbili nzuri zisizosikilizana. Ninachomwomba mwalimu ni kwamba siku anapolifundisha neno tasa, afundishe na neno zao siku hiyo hiyo, ili mwanafunzi aone kwamba kinachokataa kugawanywa ndicho kinachozaa vingine.

Kwa nambari, basi, neno tasa na libaki, nambari haiumii. Kwa watu ndiko ningependa litutoke. Shangazi yangu alizikwa na umati wa watu waliojifunza kuhesabu mkekani pake, na wawili kati yao leo wanafundisha hisabati.

Mwalimu, deni limekwisha. Ukiiandika tena ubaoni, niite. Safari hii nitaisoma yote.